Mnara wa Kuongozea Meli, Usoke

Wananchi walitangaziwa rasmi kwamba kijiji cha ujamaa cha Amkeni, nje kidogo ya Usoke, kimeteuliwa kujenga Ajabu. Dunia ina maajabu saba na tarafa haikuwa na hata moja. Hali hiyo, alisema Ndugu Mfaume, Katibu wa Kamati ya Maajabu, haivumiliki kimapinduzi.

Mfaume, Mzaramo wa pwani, aliyapima maajabu yote kwa haki. Piramidi aliikataa: kaburi la kabaila. Bustani ya kuning'inia nayo aliikataa, kwa kuwa tumbaku ya Amkeni ilikwisha kuning'inia mabanini, kwenye vibanda vya kuikaushia, na hakuna aliyeistaajabia. Ukabaki mnara wa taa wa kuongozea meli.

"Meli zitapita wapi, Ndugu Katibu?" aliuliza Pelagia, kiongozi wa akina mama.

"Misafara ya zamani ilitoka baharini ikafika huku. Bahari nayo itafuata."

"Simenti ni kidogo. Tujenge kisima. Watoto wanagombania dimbwi na ng'ombe, na juzi tumemzika mmoja kwa kuhara."

"Pole sana, mama. Lakini kisima si ajabu. Na simenti itakayobaki ni ya sanamu ya Katibu."

Pelagia akaenda zake. Mfaume akajiona mshindi, maskini. Alisahau kwamba Mzaramo na Mnyamwezi, kama Pelagia na wenzake, ni watani tangu enzi hizo hizo za misafara. Msibani mtani hunyakua kitu akakishikilia mpaka kikombolewe, na anayekasirika ndiye mwenye aibu.

Siku ya uzinduzi, mbele ya mgeni rasmi kutoka mkoani, Mfaume alipanda ngazi hadi kileleni kuwasha taa, saa sita mchana, jua la utosi. Chini, akina mama wakajibwaga vumbini.

"Mnara wetu umekufa! Umekufa kwa kiu, jamani!"

Wakanyakua ngazi.

"Ndugu mgeni, waamuru!" alilia Mfaume.

Mgeni rasmi alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Mambo ya utani serikali haiyaingilii," akasema, akaenda kula.

Kufikia alasiri, ulimi wa Mfaume ulikuwa umeganda kinywani.

"Mtani! Maji!"

"Maji si ajabu, Ndugu Katibu."

Akatazama huku na huku. Hakuna meli.

"Kamati imeketi!" akatangaza. "Imeazimia kwa kauli moja: kisima!" Akatupa ufunguo wa stoo ya simenti.

Pelagia akaudaka. "Fidia tumepokea, mtani."

"Haya, leteni ngazi!"

"Kijiji kizima kina ngazi hii moja, na kisimani hatushuki kwa kuruka. Tulia hapo hapo. Ukiona meli, tuite."