Yah: Kidude Chenu Kilichomhamisha Mke Wangu Futi Kumi na Moja

Kwa Mkuu wa Malalamiko,
Kampuni ya Mashine za Gemu za Mkononi.

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti kizuri, na huna kazi. Nasema huna kazi kwa sababu kampuni iliyoweza kuizindua mashine ile kwa matarumbeta na mabango, bila mtu hata mmoja kunyoosha mkono na kuuliza ni ya nini, lazima ina watu wengi wasio na kazi.

Mimi ni fundi cherehani. Nina miaka thelathini na moja katika chumba chenye mlango mmoja, dirisha moja, cherehani moja na mke mmoja. Mimi nakata na kushona. Yeye anafanya kazi za mkono, yaani pindo, vifungo na matundu yake. Macho yangu yaliharibika zamani, kwa hiyo ni yeye pia anayenitilia uzi kwenye sindano. Miezi miwili iliyopita alipasuliwa goti, na daktari akaamuru akae, mguu juu ya stuli. Binti yetu, kwa huruma zake, akamletea mashine yenu ili mama yake asisumbuliwe na upweke. Upweke! Nami nipo palepale, nazungumza tangu asubuhi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kioo. Kwenye boksi mmeandika kwamba mtu atapata "dunia nzima kiganjani." Nimeipima dunia yenu kwa tepu. Ni inchi saba kwa nne, ndogo kuliko mfuko wa koti la mtu wa makamo. Tena mchana, dirisha likiwa wazi, kioo hakionyeshi kitu ila uso wa anayekitazama. Mke wangu ameshusha pazia. Sasa mimi nakata suti nyeusi gizani ili yeye aione dunia.

2. Joto. Ikichezwa saa moja tu, mgongo wake unapata moto na feni yake inahema kama mtu aliyepanda ngazi na gunia. Asanteni, pasi ninayo. Pasi yangu ikipata moto kuna kitu kinanyooka.

3. Betri na waya. Betri inakata roho baada ya saa mbili na nusu. Sijui nani aliyeipitisha, lakini angekuja kwangu kujifunza kazi nisingemwachia hata kufagia vipande. Basi inabidi mashine ichezwe ikiwa imechomekwa, na waya wake ni inchi thelathini na tisa. Chumba chetu kina soketi moja, karibu na mlango, na soketi hiyo tangu enzi ni ya pasi.

Hapa, Ndugu Mkuu, soma polepole. Kwa sababu waya wenu ni mfupi, mke wangu ameburuta kiti chake kutoka kando ya cherehani yangu hadi kwenye soketi. Nimepima. Ni futi kumi na moja. Kwa miaka thelathini na moja kiti kile kilikaa karibu kiasi kwamba nikikanyaga cherehani, goti langu linagusa lake. Leo nikitaka kumwambia jambo inabidi nipaze sauti kama mnadi. Pasi iko sakafuni, imepoa, na wateja wawili wameondoka na suruali zenye mikunjo wakidhani ndiyo mtindo.

4. Gemu lenyewe. Nilidhani anakimbiza majini au anaendesha magari. Wapi! Gemu alilolipenda kuliko yote ni la kuendesha duka la fundi nguo. Mwanamke aliyeshona maisha yake yote, ameamriwa na daktari asishone, anapumzika kwa kushona. Wateja wa humo wanakuja kwa miadi. Hawaulizi "bado tu?" Hawanenepi kati ya siku ya kupimwa na siku ya kuvaa. Gauni la harusi linakamilika kabla sijamaliza kupiga chafya. Na ushonaji wenyewe ni aibu tupu. Mkono wa koti unabandikwa begani kama kiraka, bila kuachiwa nafasi. Mtu wa kweli akilivaa hawezi hata kujikuna sikio. Kola zimekatwa mshazari, zote, kana kwamba aliyezichora alikuwa amelala ubavu. Nilimwonyesha mke wangu kosa hilo. Alinijibu bila kuinua macho, "Baba, hawa hawana makwapa."

5. Lalamiko hili nimelifuta. Jirani yangu fundi viatu, aliyeipitia barua, amesema lina neno lisilofaa kuingia ofisini.

6. Msaidizi. Gemu lenu linamruhusu mwenye duka kuajiri msaidizi na kumchagulia sura. Mke wangu amemchagulia upara, kitambi kidogo na tepu shingoni. Sina haja ya kukueleza anafanana na nani. Fundi viatu alimtazama mara moja akalazimika kutoka nje kucheka. Msaidizi huyu hasemi. Haumwi mgongo. Hasimulii kisa cha mteja aliyeleta pazia la sebuleni ashonewe kaptula, kisa ambacho mimi nimekisimulia mara nyingi na bado kitamu. Na kila duka linapofungwa, mwenye duka anabonyeza kitufe cha kijani, kioo kinaandika "Asante kwa kazi ya leo," na msaidizi anainama huku anang'aa mwili mzima. Ndugu Mkuu, mimi niko kazini kwa mama huyu tangu nina nywele. Sijawahi kung'aa, ukiacha upara. Kuna haki hapo?

7. Sindano. Zamani uzi ukiniishia naita, "Sindano!" Naye anaipokea, anatia uzi, na katika kutia tunasemezana mawili matatu: kwamba mvua inakuja, kwamba binti amekonda, kwamba nimeshona mfuko upande usio wake. Ilikuwa hivyo mara ishirini kwa siku, na kwa kweli ndiyo ndoa yetu, nyingine ni kula na kulala. Siku hizi, ili asikatizwe gemu, kila asubuhi anatia uzi kwenye sindano ishirini kwa mpigo, anazichomeka kwenye kipande cha sponji, ananiwekea mezani, kisha anahamia kwenye soketi. Sindano ishirini, mstari mmoja, nyuzi zimening'inia. Hata angeondoka nisingekuwa na sababu ya kumwita.

Alipolazwa, kwa siku kumi na mbili, duka nililifungua siku moja tu, na siku hiyo nilikaa nikiutazama mlango. Niliogopa. Nilidhani akirudi, amerudi. Kumbe amerudi futi kumi na moja pungufu.

Nikubali pia kwamba ikifika saa nne asubuhi sindano zote huwa zimekwisha. Nyingine nazichomoa uzi mwenyewe.

Kwa hayo yote, naomba kwa heshima zote mchukue hatua. Mashine zote zirudishwe kiwandani, ziyeyushwe, zigeuzwe kitu chenye faida, kwa mfano mikasi. Hilo likishindikana, waya urefushwe kwa futi kumi na moja bila kupunja hata inchi. Na hilo likishindikana, basi wateja wa humo ndani wafundishwe kuchelewa, kunenepa na kugombana, ili mke wangu aone hakuna tofauti na arudi zake kando ya cherehani. Lakini lolote mtakaloshindwa, msaidizi afukuzwe kazi leo hii, tena bila barua ya kumsifu. Nawapa siku kumi na nne. Zikipita nitalazimika kuandika barua nyingine, ndefu kuliko hii.

Nisalimie aliyechora zile kola, umwambie mlango wangu uko wazi aje ajifunze. Nisalimie aliyekata waya, umkumbushe kwamba tepu huwa ina mwisho mwingine. Wasalimie walinzi wa getini, madereva, wapishi na mkeo. Na kama mkeo naye anacheza, pole sana ndugu yangu. Aliyeandika "dunia nzima kiganjani" simsalimii.

Ni mimi, mwenye subira iliyobaki kidogo,
Fundi Kola.

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, binti yetu alikuja kumpeleka mama yake kliniki kwa mazoezi ya goti, na mashine ikabaki. Kwa kuwa ofisi huwa zinachelewa, niliona nimfukuze msaidizi kwa mkono wangu. Nilipoliwasha gemu nikamkuta amesimama mlangoni, tepu shingoni, anatazama njia. Hana mteja wala kazi, mwenye duka hajafika. Mkao ule naujua. Nikamwonea huruma, lakini uamuzi ni uamuzi, nikaendelea.

Kabla ya kumfukuza mtu, mashine yenu huonyesha orodha ya kazi alizopangiwa. Kukata, amepewa. Kushona, amepewa. Kupiga pasi na kupokea wateja, vyote amepewa. Kutia uzi kwenye sindano, hakupewa. Hapo mke wangu ameweka alama kwamba atafanya mwenye duka. Nilisogeza kioo mpaka puani nikasoma tena. Msaidizi wa humo ana macho mazima, angeweza kutia nyuzi mia akiwa amesinzia. Mashine yenyewe inaonya kwa maandishi mekundu kwamba mpango huo unachelewesha duka, na inashauri kazi hiyo apewe msaidizi. Chini yake imeandikwa kwamba ushauri huu umekataliwa mara mia moja na kumi na sita.

Sikumfukuza. Tulifungua duka, tukahudumia wateja tisa mimi na yeye, na wakati wa kufunga nikambonyezea kile kitufe cha kijani. Lalamiko la sita na la saba yafuteni. La nne libaki, kola ni kola. Ila nieleze upesi ile mashine ya kutoboa matundu ya vifungo inapatikanaje, maana mteja wa kumi anataka shati lenye vifungo kumi na viwili na sisi tuko wawili tu.

Betri iliishia hapo. Nimeichomeka kwenye soketi ya pasi. Cherehani nimeiburuta hadi kando ya kiti chake, ingawa mlangoni pale kuna vumbi. Sindano zote ishirini nimezichomoa uzi, na nasikia fimbo anayotembelea mke wangu inakuja.