Ruta Chini ya Mlango wa Bafu

Jumatatu, 3 Juni 2024. Nyarugusu.
Mwezi wa tano tangu niondoke nyumbani, Ibadakuli. Dada Scolastika kapiga simu. Msalaba wa kaburi la mama umeliwa na mchwa. Jumamosi padri anakuja kubariki mpya. Fundi wa ukoo ni mimi. Nimeahidi wa mninga, tena wenye kingo za mawimbi. Kutwa nakata matimba ya kuzuia mashimo ya dhahabu yasibomoke. Kule chini hakuna anayetaka pambo. Mama atalipata.

Jumanne, 4 Juni.
Mpango: ruta, ile mashine ya kuchonga kingo, naigeuza kichwa chini na kuifunga chini ya meza, kisu kichungulie juu. Masalu muuza vifaa anazo mbili kuukuu. Marcelino, jirani yangu wa benchi, kanishauri kubwa: nzito, haitikisiki, ukiiwasha inabaki imewaka. Kwa kuwa kasema Marcelino, nimechukua ndogo. Inang'aa.

Jumatano, 5 Juni.
Meza imepatikana! Mlango wa bafu la mwenye nyumba, Mama Enock. Nimeutoboa katikati. Swichi ya ruta lazima ishikiliwe kwa kidole. Nimeikaza kwa mpira wa tairi. Akili hiyo. Mama Enock anaoga nyuma ya kitenge. Shikamoo zangu haziitikii tena.

Alhamisi, 6 Juni.
Ruta ya mkononi huwa naisukuma kutoka kushoto kwenda kulia. Nikasukuma ubao vivyo hivyo. Nikasahau mashine imepinduliwa! Kisu kikanyakua ubao, ukaruka ua, ukatua kwenye maharage ya Mama Enock. Mkono wa msalaba umepasuka.

Jioni kaja Marcelino na randa, na kipande chake mwenyewe cha mninga. Anasema tukipiga randa wote wawili, alfajiri napanda basi.

"Mama yako hahitaji mawimbi, kaka. Anahitaji ufike."

Nikamwambia wivu si mzuri.

Ijumaa, 7 Juni.
Nimechonga mkono mwingine peke yangu. Ruta inatikisika, inateremka yenyewe. Wimbi linaanza vizuri, linaishia bapa. Basi la Kahama, njia ya nyumbani, limepita. Honi nimeisikia.

Jumamosi, 8 Juni.
Scolastika kapiga tena simu. Padri alingoja, akaenda kigango kingine. Kabla hajaondoka ndugu wakafunga vijiti viwili kwa upindo wa kanga ya mama, akavibariki hivyo hivyo. Nikamweleza Scolastika habari za ruta, kirefu. Akasema, "Sawa, kaka. Tumeshamaliza."

Marcelino kaniuliza macho yana nini. Nimesingizia vumbi la mbao.

Jumapili, 9 Juni.
Nimefikiri sana. Kosa lilikuwa mlango. Mwembamba mno. Wa jikoni kwa Mama Enock ni mnene, na ruta kubwa bado iko kwa Masalu. Marcelino asijue. Nategemea kufika Ibadakuli mwezi wa nane, msalaba begani, kabla mchwa hawajavimaliza vile vijiti.