Sauti za Jikoni, kwa Sababu za Kitaaluma

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Nimepigwa marufuku kuanika nguo dirishani. Mwenye nyumba kasema mtaa huu una mamia ya miaka na haujawahi kuona bukta. Watalii walikuwa wamesimama chini wanaipiga picha. Bukta yangu ya kijani, aliyoninunulia Mama! Nimeiingiza ndani kwa heshima zote.

Mji huu niliokuja kusomea ni mzuri, sikatai. Kuta za mawe, njia za mawe, ngazi za mawe. Lakini kimya! Watu wananong'ona mpaka sokoni. Kwetu mtu akitafuta chumvi, majirani wote wanajua. Hapa napika, nasikia kijiko changu tu. Nimewakumbuka sana watu wa nyumbani. Naandika hapa, kwingine sisemi ng'o. Siku ya kuniaga, Dada alitangaza mbele ya watu kwamba nitalia kabla sijamaliza mche wa sabuni niliofungiwa. Nikamjibu kwamba wanaume wengine tumezaliwa kwa ajili ya safari. Kwa hiyo sabuni siitumii. Nainusa tu.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Mpango! Sitaki kuongea nao, maana sauti itanisaliti. Nataka kusikia jikoni kwetu, basi. Nimempigia Mama, nikamwambia mwalimu wangu wa majengo ya kale anataka sauti za majiko ya mbali. Kesho aweke simu karibu na moto, watu waendelee kama kawaida. Mama akauliza kama ni mtihani. Nikasema ndiyo.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Balaa! Kwa kusema ni mtihani nilijichimbia kaburi. Nimepiga, nikakuta kimya. Kisha Baba akakohoa, akamkaribisha mwalimu wangu rasmi kwa niaba ya ukoo. Dada, ambaye hajaniambia neno zuri tangu nizaliwe, akatangaza kwa sauti ya redioni kwamba sasa mama yetu mpendwa anakata kitunguu. Kitunguu kikakatwa taratibu, kwa adabu. Hakuna aliyegombana. Hata mfuniko haukuanguka! Mwishoni wakapiga makofi. Ile si nyumba yetu.

Jirani yangu, ninayemwita Mzoefu, kauliza nilikuwa nasikiliza kipindi gani. Huyu ni kijana wa kwetu, anakaa chumba cha pili, na anajifanya kazaliwa hapa. Nikamwambia hayamhusu. Mtu anayekula kwa uma hata akiwa peke yake atanielewa nini?

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Nimemgeukia Bibi. Nimemwomba aifiche simu yake jikoni ikiwa hewani, asimwambie mtu. Akaapa. Akaificha ndani ya friji!

Nimeisikiliza friji. Inanguruma, inagonga, inanyamaza, inasubiri teke. Ile ile! Najua hata mahali pa kuipiga. Nimelia. Mtu mzima na ndevu zangu, nalilia friji! Mzoefu akabisha hodi, akauliza kama nimefiwa. Nikasema ni mafua. Hakuondoka. Alisimama mlangoni, akasema kwao pia kulikuwa na friji inayogonga.

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Nimeumbuka. Mama kapiga mwenyewe. Kumbe juzi alifungua friji achukue nyanya, akasikia mtu analia humo ndani. Nusura aite majirani. Kauliza kama ni mimi. Nikasema mafua. Nikamsikia Bibi nyuma yake akisema mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mama akashusha sauti. Akasema kama nimewakumbuka niseme tu, wao si watu baki. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini nikamsikia Dada akisogea karibu! Nikasema mwalimu hakuridhika na sauti za Jumatano.

Mama akasema sawa, mwalimu asiwe na wasiwasi. Akaiegemeza simu kwenye kopo la chumvi, akawaambia watu leo hakuna mtihani, wapike.

Wakapika! Kitunguu kikalia kwenye mafuta. Mfuniko ukaanguka. Baba akauliza miwani yake iko wapi, akaambiwa anayo usoni. Dada akamgombeza kila aliyepita. Mzoefu akaingia bila hodi, akakaa sakafuni kando yangu. Mwishoni zikagongana sahani, nikamsikia Dada akimwambia Mama kwa upole kwamba amepakua moja zaidi tena. Mama akasema aiache hapo hapo.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Nimetathmini. Mpango umefaulu kwa asilimia mia. Mama hajashuku chochote, Dada hana ushahidi, sabuni bado nzima. Akili ni nywele!

Kesho nitampigia Mama. Nitamwambia mwalimu amefurahi mno, ila utafiti umebakiza sauti moja. Asimame mlangoni, aniite kwa jina langu nije nile. Aite mara mbili, maana ya kwanza huwa siitiki.