Malalamiko Dhidi ya Ilaria, Aliyenipunguzia Protoni

Meyrin, Geneva

Mheshimiwa Msimamizi wa Jaribio,

Salamu za heshima. Mimi ni Lucien Perrottet, yule wa meza iliyo karibu na mashine ya kahawa, ninayehesabu chembe zinazoruka pale viini vya madini ya risasi vinapogonganishwa chini ya ardhi. Nakuandikia kwa uchungu kumlalamikia mwenzangu, Ilaria Tessarin. Naomba ahamishwe.

1. Mwezi uliopita nilikuta protoni nyingi kupita makadirio yote ya wataalamu. Sikupiga kelele. Nilimwambia mke wangu tu, na mama mkwe, na muuza jibini. Mama mkwe, ambaye tangu harusi ananiita "huyo kijana", alipika fondue ya jibini la kuyeyushwa, akaalika ukoo, akaniketisha kwenye kiti cha marehemu mumewe.

2. Nikamwonyesha Ilaria mchoro wangu. Badala ya kunipongeza akauliza, "Kaka Lucien, za kwenye bomba umezitoa?" Maana chembe zikitoka kwenye mgongano hupiga ukuta wa bomba ambamo viini hupitishwa na kubandua protoni nyingine, zisizohusika kabisa. Nikamjibu, "Dada, mimi nilikuwa nahesabu chembe wewe ukihesabu vidole." Akacheka. "Haya, basi tuhesabu wote." Akazitoa. Ugunduzi wangu ukalala chali.

3. Aliyafanya hayo mbele ya kikao kizima. Mtu mmoja wa nyuma akanong'ona, "Poleni wafiwa."

4. Nyumbani nimerudishwa kwenye kiti cha plastiki.

Kwa hiyo naomba Ilaria apelekwe idara isiyo na hesabu. Bomba nalo ling'olewe, kwa kuwa ndilo chanzo cha fitina. Ikishindikana, protoni za ukutani zitambuliwe kuwa halali, kwani nazo zimezaliwa humuhumu, ingawa najua kwamba hapa Uswisi kuzaliwa tu hakumpi mtu uraia.

Nisalimie walinzi wa lango, mafundi wa sumaku, na wote walionipongeza mapema.

Wako mtiifu, mwenye majeraha,
Lucien Perrottet

N.B. Nilichelewa kuituma barua hii, na leo asubuhi kundi la washindani wetu limetangaza protoni zilezile kwa mbwembwe, waandishi wa habari wamejaa. Kabla ya chakula cha mchana mtu akawauliza kuhusu bomba. Wameufuta ugunduzi wao. Mkuu wao akanipigia simu: "Nyie mliponaje?" Nilifungua kinywa nijisifu. Ilaria alikuwa pembeni anamenya chungwa, hata hakuinua macho. Nikajikuta nasema, "Sisi tuna Ilaria."

Tafadhali asihamishwe. Kama lazima ahame mtu, mimi nimeshafunga mizigo. Nimemwomba radhi. Ameipokea, ila amesema bado anaihakiki.