Cheti cha Pengwini

Erivelto Batinga alikuwa na kuskusi ya mahindi mdomoni redio ya mgahawa ilipomtangazia riziki yake. Mtangazaji alisema wakaguzi wanatoka jijini Recife kupita kwenye kumbi za kompyuta, na ukumbi utakaokutwa na Windows iliyonakiliwa bila kulipiwa utafungwa. Erivelto akaacha kutafuna. Wengine wote pale waliendelea kunywa kahawa, maana balaa la mwenzio halipoozi kikombe chako. Yeye aliwaona wenye kumbi wote wa mji wetu wa Caruaru wakitetemeka, na anayetetemeka hapatani bei.

Sasa, msimdhanie mwizi. Mwizi huvunja mlango; Erivelto hufunguliwa na kuandaliwa keki. Alikuwa na miaka arobaini na tatu na hajafanya kazi hata siku moja tangu azaliwe, jambo alilojivunia kama wengine wanavyojivunia kutovuta sigara. Alichokuwa nacho ni koti la kijivu na tai, na kwetu hapa mtu akivaa koti na tai kwenye jua la saa sita, watu humwita Dokta bila kumwuliza alisoma wapi.

Duniani alimwogopa mtu mmoja tu: mama yake, Dona Quitéria, wa mji wa Bezerros, nusu saa kwa basi. Kwa mama, Erivelto alikuwa fundi mkuu wa kompyuta za serikali kule Recife. Uongo huo ulikuwa na umri wa miaka ishirini, na ndio pekee ambao haukuwahi kumwingizia senti. Aliapa mama atazikwa nao, kwa sababu aliamini moyo wa bibi wa miaka sabini na sita utapasuka siku atakayoujua ukweli. Mtu anaweza kuwa tapeli na bado akampenda mama yake, tena sana.

Chumbani kwake kulikuwa na diski aliyogawiwa bure na Taciana, mwanafunzi wa chuo, kwenye maonyesho fulani. Ndani yake mlikuwa na Linux, mfumo wa kompyuta wenye picha ya pengwini, usiouzwa na mtu. Unaunakili utakavyo, unampa umtakaye. Kwa miezi minane diski ile ilikuwa kisahani cha kikombe. Erivelto akaifuta doa la kahawa, akatoa nakala thelathini, akaenda sokoni kwa mchonga mihuri akachongesha mihuri mitatu: wa duara, wa nyota, na wa simba. Akauita mzigo huo Mfumo wa Pengwini Halali, bei yake reali mia tatu, pamoja na cheti.

Wiki ya kwanza aliwaingiza mjini wenye kumbi wanne. Siri ya mafanikio yake ilikuwa ndogo: aliondoka kabla mtu hajajaribu kucheza mchezo.

Wa tano alikuwa Dona Lindinalva, mjane mwenye kompyuta kumi na moja nyuma ya stendi ya mabasi, na miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu.

"Dona, mimi sikuja kukutisha," alisema Erivelto, akitisha. "Ila jana nimemwona mwenzako akilia barabarani, kompyuta zake zinapakiwa kwenye lori."

"Masikini! Mwenzangu yupi?"

"Jina silitaji. Siri ya kazi."

"Haya, kula keki, mwanangu, umekonda kwa siri." Akamsogezea sahani, na chini ya sahani akaweka bahasha. "Na huyo pengwini wako, michezo anaiweza? Hapa watu hawaji kuandika barua. Wanakuja kumpiga risasi Kanali. Jumamosi ya wiki ijayo nina mashindano ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana."

Kisasi cha Kanali ndio mchezo uliokuwa umeushika mji mzima mwaka ule. Erivelto hakuwa ameucheza hata mara moja.

"Anaiweza yote."

"Yote?"

"Dona, mpaka ile ambayo bado haijatungwa!"

"Na isipocheza?"

Ulimi wa Erivelto ulikuwa na tabia ya kumtangulia mwenyewe. "Isipocheza, mimi binafsi nitakuja kukaa hapa mpaka icheze."

"Ewaa! Liandike hilo."

Akaliandika kwa mwandiko wa mapambo, akaligonga mihuri yote mitatu. Dona Lindinalva akavaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Mihuri mizuri kweli. Basi twende wakathibitishe saini." Na ile bahasha akaitoa chini ya sahani, akaitumbukiza kwenye mkoba wake, akatangulia mlangoni.

Hapo ndipo tapeli wetu alipoteleza, na sisi wa huku hatuwezi kumcheka sana, maana tungeteleza wote. Kwetu neno la mtu halina uzito. Saini nayo haina. Karatasi huwa karatasi pale tu karani wa ofisi ya uthibitisho anapoitazama ile saini, akaguna, akabandika stika yake inayometameta. Watu huthibitisha saini kwa ajili ya kukodi baiskeli. Erivelto mwenyewe alikuwa ametoka kusifu mihuri kwa robo saa nzima. Angekataaje huu mmoja wa kweli? Isitoshe, bahasha ilikuwa inatembea mbele yake.

Walipanga foleni nyuma ya watu arobaini. Walipofika dirishani, karani akanyoosha mkono apewe kitambulisho. Kutoa cha kughushi mbele ya karani ni jela, na Erivelto alikuwa tapeli, si mwendawazimu. Akatoa chake. Karani, mwanamume mwenye sauti ya mnada, akasoma kama taratibu zinavyotaka:

"Erivelto Batinga! Mzaliwa wa Bezerros! Mama, Quitéria Maria Batinga! Ni kweli?"

"Ni kweli," alinong'ona Erivelto, na lilikuwa neno lake la kwanza la kweli wiki ile.

Dona Lindinalva alikunja cheti mara nne, akakabidhi bahasha.

Jumatatu asubuhi pengwini akaingia kwenye mashine zote kumi na moja. Skrini zikang'aa, Erivelto akazipangusa kwa tai yake. Alibakiza tu kuaga, ndipo akaingia Mzee Valdomiro, kondakta mstaafu wa basi, bingwa wa mwaka uliopita, mtu asiyesalimia kabla hajaua mtu kwenye skrini. Akaketi namba sita, akaingiza diski ya mchezo, akangoja. Akangoja tena.

"Dokta," alisema polepole, "mashine inasema haimjui Kanali."

"Haimjui vipi?"

"Inasema kitu hiki hakifunguki. Mimi nina miaka sitini na tisa, Dokta. Sina muda wa kungoja vitu visivyofunguka."

"Ni waya! Naufuata waya!" alisema Erivelto, akatoka. Mpaka kwenye kona alitembea. Baada ya kona alikimbia. Dakika nne baadaye alikuwa ameketi ndani ya basi la Recife, kijasho kinamtoka, bahasha imelala kifuani. Simu ikalia.

"Dokta," ilisema sauti ya Dona Lindinalva, tamu kama maji ya muwa, "usiharakishe kurudi, mwanangu. Mimi nakwenda Bezerros. Nataka nimpelekee mama yako hiki cheti akione. Mzazi ana haki ya kujua kazi ya mwanawe."

Dereva alikuwa ameshawasha injini. Erivelto alishuka basi likiwa linatembea.

Alirudi akihema, akaweka bahasha mezani. "Chukua pesa zako, Dona. Nakuomba. Nimekosa."

"Pesa? Karatasi haisemi pesa. Karatasi inasema utakaa hapa mpaka icheze."

"Nilikudanganya! Kitu chenyewe ni cha bure! Kila mtu anagawiwa bure!"

"Najua ni cha bure. Wewe unadhani redio unaisikiliza peke yako? Walisema kuna wakaguzi, wakasema kuna mfumo wa pengwini wa bure. Naona uliondoka kabla habari hazijaisha." Akakata kipande cha keki. "Mfumo ni wa bure, mwanangu. Fundi ndiye ghali. Nimezunguka mji mzima, wa bei nafuu kuliko wewe hakuna."

"Mimi si fundi!"

"Mama yako anasema ni fundi mkuu. Nimempigia sasa hivi, namba nimepewa na parokia. Mwanamke mcheshi! Anakuja Jumamosi kwenye mashindano, akuone ukifanya kazi."

Erivelto akakalia kiti kisichokuwepo, akaanguka.

Basi ndugu zangu, mtu aliyeikwepa kazi kwa miaka arobaini na tatu alikimbilia chuoni kuiomba. Alimkuta Taciana kwenye ngazi akila chapati ya tapioka. Msichana akacheka mpaka tapioka ikamdondoka.

"Umeziuza? Zile za bure? Reali mia tatu?"

"Cheka baadaye, dada. Mama yangu anakuja Jumamosi."

Taciana akajifuta machozi. "Haya, sikiliza. Mchezo ule umezoea kuishi kwenye Windows. Kwa pengwini haujui mtu. Kuna programu unaiweka katikati. Mchezo ukiamka unauliza, 'Diski C iko wapi?' Pengwini hana Diski C. Programu inatengeneza folda, inaibatiza Diski C, inausogezea: 'Hii hapa, mheshimiwa.'"

Erivelto akainua kichwa. "Mchezo unaamini?"

"Unaamini."

"Haujui kwamba umetoka nyumbani?"

"Haujui chochote. Kila unachouliza, unaonyeshwa kitu kinachofanana nacho."

"Na anayeudanganya hatikisiki?"

"Ndiyo kazi yake."

Erivelto alishika reli ya ngazi kwa mikono miwili. Miaka yote aliogopa kompyuta kama shetani, kumbe! "Dada," alisema, "mbona hamkutuambia mapema? Hii kazi mimi naijua tangu tumboni!"

Na kweli aliijua. Taciana alimfundisha vitufe, lakini hila zilikuwa zake. Mchezo ukigoma, Erivelto hakuuliza umeharibika nini. Aliuliza, unashuku nini? Ulipotaka kadi ya picha isiyokuwepo, akaupa jina la kadi nyingine kwa heshima zote. Ulipodai toleo jipya, akalibandika toleo la zamani tarehe ya jana. Alilala chini ya meza, alivuta nyaya, alipigwa na shoti mara tatu, vidole vikatoka malengelenge. Mzee Valdomiro alikaa nyuma yake siku zote hizo akitoa taarifa.

"Leo Kanali amefunguka, lakini hakuna sauti."

"Nimesikia, Mzee."

"Huwezi kusikia, nimekwambia hakuna sauti."

Ijumaa jioni kila kitu kilikuwa sawa kwenye mashine zote, isipokuwa jambo moja. Programu ilishindwa kabisa kuipata suruali ya Kanali. Koti lake lilikuwepo, medali zote zilikuwepo, na chini ya mkanda alibaki na chupi ya waridi. Erivelto alihangaika mpaka Dona Lindinalva alipozima taa.

Jumamosi ukumbi ulifurika: madereva wa pikipiki, wauza mahindi, wanakwaya wa parokia waliopita kuangalia tu. Dona Quitéria aliingia na sufuria ya pamonha, ile mikate ya mahindi iliyofungwa kwa maganda, kichwani, mdogo, mkavu, amevaa nguo ya kanisani. Mwanawe alimbusu mkono akimwekea kiti kilichoelekea ukutani.

"Nimekuja kutazama ukuta?" alisema mama, akakigeuza.

Mashine kumi na moja zikaamka kwa pamoja, muziki ukapiga, na Kanali akatoka jangwani akitembea kwa maringo, miguu mitupu. Mwanakwaya mmoja akafanya ishara ya msalaba.

"Ni joto," alisema Erivelto. "Yuko jangwani."

Dona Quitéria alianza kucheka kwanza. Alicheka akiwa ameshika kifua, Mzee Valdomiro akafuata, na baada ya hapo watu hawakusikilizana. Wachezaji walishindwa kulenga. Watu wa stendi waliacha mabasi yao wakaja madirishani, wakalipa kuingia, wakatoka kuwaita wengine. Dona Lindinalva aliuza soda mpaka ya mwisho.

Katikati ya zogo hilo mama akamvuta mwanawe pembeni, akavigeuza vidole vyake vyenye malengelenge.

"Erivelto, hii kazi umeianza lini?"

"Mama, si unajua, miaka ishirini sa..."

"Nimekuuliza lini."

Akatazama sakafu. "Jumatatu ya wiki hii."

"Nilijua ni mpya. Vidole vya fundi wa zamani haviko hivi."

"Ulijua?"

"Fundi mkuu wa serikali anashindwa kuweka saa kwenye redio yangu, Krismasi ishirini mfululizo! Nilijua tangu ile ya kwanza. Lakini ulikuwa unafurahi sana ukinidanganya, nikaona nisikukatishe tamaa."

"Na majirani? Si uliwaambia wote Bezerros nzima?"

"Hao niliwadanganya mimi. Kila Pasaka naenda kwa padre: nimesema uongo juu ya mwanangu. Mapadre watatu wamehamishwa, mimi naungama neno lilelile."

Erivelto alisimama na bisibisi mkononi. Alikuwa amewadanganya watu wa miji tisa, na tapeli mkubwa kuliko wote alikuwa nyumbani akimpakulia supu. Machozi yakamtoka waziwazi, wala hakuyafuta.

"Nisamehe, mama."

"Mimi nimechoka kwa padre, mwanangu. Magoti yananiuma."

"Dokta!" alipaza sauti Mzee Valdomiro. "Namba sita imeganda!"

Mlango ulikuwa wazi, na ng'ambo yake basi la Recife lilikuwa linapakia abiria. Erivelto aliutazama. Mama yake naye aliutazama, kisha akainamia sufuria, akaanza kuifungua pamonha taratibu, kama mtu asiyengoja jibu.

"Nakuja, Mzee," alisema Erivelto, akapiga magoti, akaingia chini ya meza.