Kinusa Tochi Kisichoonyesha Waya

Jumatatu, 6 Oktoba

Wendell amenicheka tena. Mbele za watu! Nilikuwa kituo cha mafuta, nimeshusha kioo, akaingiza kichwa chake chote ndani ya gari langu. Akautazama waya wa kinusa tochi, kile kidude kinacholia kikinusa tochi ya polisi ya kupimia mwendo, unavyoning'inia kutoka kwenye kioo cha mbele mpaka tundu la kiberiti cha sigara. Akasema kwa sauti: "Shemeji, gari limelazwa? Naona limetundikiwa dripu." Mama wa kaunta alicheka mpaka akashika kiuno.

Wendell ni mume wa dada yangu Noreen. Kazi yake ilikuwa kugawa barua, sasa amestaafu na kazi yake ni mimi. Kinusa tochi chake kimekaa juu ya kioo kana kwamba gari lilizaliwa nacho. Waya hakuna. Hata uzi! Nimekichungulia pembe zote. Nikamuuliza ameupitisha wapi. Akatabasamu, akasema kila mtu na siri zake. Mshenzi.

Yeye kwake ni pambo. Kwangu ni mkate. Nauza viti vya madaktari wa meno nusu ya jimbo la Ohio, na viti haviuzwi kwa mwendo wa gari la maiti. Leseni yangu ina alama kumi za makosa. Zikifika kumi na mbili, kwaheri leseni, na bosi amesema wazi kwamba eneo langu atampa Brenton, mwenye miaka ishirini na sita na meno kama tangazo.

Zile alama mbili za mwisho ni za waya huu huu. Nilinyoosha mkono kuchukua kahawa, kiwiko kikaunasa, plagi ikachomoka. Kidude kikazimika. Dakika hiyo hiyo Ruthanne Oberholt, polisi wa kaunti, alikuwa amejibanza na tochi yake nyuma ya ghala la mahindi. Maili sabini na tisa kwa saa! Msichana aliyesoma darasa moja na binti yangu. Aliniandikia kwa mwandiko mzuri sana.

Nimeamua. Waya utapita ndani ya dari, ushuke na nguzo ya pembeni ya kioo, uingie kwenye boksi la fyuzi. Usionekane tena duniani.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimenunua vifaa. Waya mrefu, kipachiko cha fyuzi, na kipete cha kufunga kwenye chuma cha bodi. Mzee wa duka akaanza kunifundisha. Eti kwanza nitoe kichwa cha betri. Eti nitafute fyuzi inayopata moto ukiwasha ufunguo tu, siyo ile yenye moto muda wote. Eti ninunue testa, ndiyo itakayoniambia ipi ni ipi.

Nikamwambia naelewa. Akauliza kama nimeshawahi. Nikamwambia nimefunga viti vya meno mia tatu, vinapanda, vinashuka, vina taa na vinatema maji. Akasema kiti hakikimbii barabarani. Testa sikununua. Kwa kiburi chake.

Marlys, mke wangu, kauliza kama hii ndiyo wiki ya kuchezea gari. Joelle wetu anajifungua baada ya wiki mbili kule Fort Wayne, mtoto wa kwanza, na gari tunalo moja tu, lake tulimpa binti. Marlys ameahidi kuwa chumbani, amshike mkono. Ameahidi tangu mwezi wa tano. Nikamwambia wiki mbili ni nyingi. Kazi yenyewe ni ya saa moja.

Jumatano, 8 Oktoba

Imechukua saa saba!

Nilimpigia bosi kwamba naumwa jino. Kosa. Akanitajia madaktari watatu, wote wateja wangu, wote wakanipigia simu kunipa pole nikiwa nimelala chali chini ya usukani.

Nguzo ya kioo ilifungwa kwa vibanio vinne. Vitatu vimevunjika. Ndani nikakuta maandishi kwamba humo umekaa mfuko wa hewa, ule unaolipuka ukigonga. Jasho! Nikapitisha waya huku nimefumba jicho moja. Plastiki imekataa kurudi mahali pake, nimeibana kwa utepe wa gundi. Marlys alileta chai, akaitazama, akauliza kama ndivyo ilivyotoka kiwandani.

Kisha fyuzi. Bila testa inabidi kutumia akili. Kijitabu cha gari kinasema ile ya saba kutoka kushoto ni ya kusimama. Nikafikiri: mimi ni mtu wa kwenda, hii haitanikosesha kitu. Nikaichomoa, nikapachika kipachiko. Kina matundu mawili ya fyuzi, na moja linakuja na fyuzi yake mpya. Ile ya zamani ikabaki mkononi, nikaitia mfuko wa shati. Watengenezaji wa magari wanapenda kujaza vitu visivyo na kazi.

Kikawaka! Taa nyekundu, mlio mtamu, na waya hauonekani. Nilikaa ndani ya gari nikaangalia tu. Nikamwita Marlys aone. Akasema haoni kitu. Nikamwambia ndiyo maana yake!

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku tukufu. Maili mia mbili na arobaini, viti viwili vimeuzwa. Kidude kililia mbele ya milango ya duka kubwa inayojifungua yenyewe, kikalia mbele ya benki, kikalia nyuma ya gari jipya la padri. Mara moja kililia kwa haki: polisi kweli, chini ya daraja! Nilimpita kwa maili hamsini na tano, nimempungia mkono.

Jioni nikapita kwa Wendell makusudi. Nikamwonyesha kioo. Akazunguka gari zima. Akasema, "Umejitahidi, shemeji. Lakini mbona nguzo imefungwa bandeji?"

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimesimamishwa na Ruthanne.

Kidude hakikusema neno. Hakikuwa na la kusema! Hakuwa na tochi, alikuwa nyuma yangu tu, anakwenda zake kula. Kaja dirishani, mpole kama mwalimu wa chekechea. "Shikamoo, Baba Joelle. Umesimama kwenye taa tatu na sijaona taa ya breki hata moja. Nilidhani labda husimami, unachoka tu."

Nikasema haiwezekani. Nikachomoa leseni mfuko wa shati, lile lile la Jumatano, na ile fyuzi ikatoka nayo, ikaanguka juu ya kiatu chake. Akaiokota. Akaitazama. Akanitazama. Akakitazama kinusa tochi.

"Nadhani hizi hapa ndizo taa zako za breki," akasema.

Hakuniandikia alama. Onyo tu, nitengeneze leo hii. Afadhali angeniandikia. Alinishikia na tochi ya kumulikia, ile ya kawaida, wakati nairudisha fyuzi mahali pake, pembeni ya barabara, watu wa basi la shule wakinitazama. Akauliza Joelle anajifungua lini. Akasema tuendeshe salama siku hiyo.

Nimefika nyumbani nimehamishia kipachiko fyuzi nyingine. Hii ni bora mara kumi. Fyuzi zote mbili nimeziweka, hakuna iliyobaki. Na ina moto muda wote! Hata ufunguo nikiutoa, kidude kinawaka. Yule mzee wa duka alisema nisitumie ya namna hii, lakini hakusema kwa nini, au alisema nikiwa naangalia waya.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mvua. Sijatoka. Marlys kaingia gereji kuchukua viazi, karudi anasema ndani ya gari kuna jicho jekundu na kitu kinalia peke yake. Nikamwambia ni mlango wa gereji ya jirani, kidude kinaunusa. Akauliza kinanusa nini na sisi tumeegesha. Nikamwambia mlinzi halali.

Akauliza kama hakimalizi betri. Mwanamke aliyetunza vitabu vya shule miaka thelathini ananifundisha umeme!

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani tumekwenda na Noreen na Wendell, kwenye pikapu yao. Maili ishirini na tano kwa saa. Watembea kwa miguu walitupungia. Mchana nilipita gereji, kidude bado kinawaka ingawa nyekundu yake imefifia kidogo. Nikadhani ni macho yangu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika.

Simu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Thad, mkwe wetu. Uchungu umeanza, wiki nzima na ushei kabla ya siku. Marlys alikuwa na koti mwilini kabla sijapata soksi. Maili sitini mpaka Fort Wayne. Nikamwambia nitamfikisha kwa dakika arobaini na tano, barabara zote ni zangu.

Nikawasha. Tak. Nikawasha tena. Hata tak hakuna.

 Marlys alitazama kile kidude, kimezimika, cheusi. Kisha akasema, "Vernon." Akiniita Baba Joelle, tuko salama. Akisema Vernon, ni kama jaji amevaa kofia.

Akampigia simu Wendell mwenyewe. Kaja na pajama, na nyaya za kushtulia betri. Akasema nyekundu kwa nyekundu, shemeji, taratibu. Nilikuwa na haraka, nikazibana mwenyewe! Na nyaya zake zimechakaa, rangi haijulikani. Cheche, moshi, harufu ya plastiki. Marlys akachukua mkoba wake, akaenda kukaa mbele kwenye pikapu. Mimi nyuma, kwenye kile kibenchi, na mbwa.

Wendell aliendesha maili hamsini na tano. Njia nzima. Tumepitwa na lori la nguruwe. Tumepitwa na basi la wazee. Marlys ameshika simu kwa mikono miwili, Thad anaandika kila dakika tano, kisha kila dakika mbili. Nikamwambia Wendell akanyage, kinusa tochi anacho, anaogopa nini?

Akasema, "Hicho? Hakijawahi kuwaka hata siku moja. Noreen alininunulia Krismasi. Nimekibandika asije akanuna."

Hakuna waya kwa sababu hakuna waya!

"Na siri yako?" nikauliza.

"Ndiyo hiyo, shemeji. Siendeshi kwa fujo."

Marlys hakugeuka. Mabega yake tu niliyaona.

Msichana. Kilo tatu na robo. Alizaliwa dakika kumi na moja kabla hatujaingia mlangoni. Joelle alikuwa analia, akasema, "Mama, nilikungoja, nilijizuia, nikashindwa." Marlys akapanda kitandani na viatu vyake, akamkumbatia. Walikaa hivyo muda mrefu. Nilisimama mlangoni na mabegi. Wa pili kumpakata mtoto, baada ya bibi yake, ni Wendell, na pajama zake. Mimi nilikuwa wa nne. Hata muuguzi alinitangulia.

Jumanne, 14 Oktoba

Joelle karuhusiwa, tumebaki kwake, na Marlys ananiongelesha kupitia Thad. Mwambie baba mkwe wako chakula kiko mezani. Mwambie asisogeze kiti. Fundi kapiga simu kutoka kwetu: betri imekufa, fyuzi kuu imekwenda, na kitu kingine jina lake sikulisikia kwa sababu alikuwa anacheka.

Saa tisa Marlys aliniambia mwenyewe sentensi moja. Alisema siku kama ile haitarudi, hata nikimlipa. Nikasema najua. Akasema, "Hujui." Akaenda kumwosha mtoto.

 Nilikaa uani mpaka kiti kikalowa ukungu.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimefikiri usiku kucha na nimepata jibu. Kosa halikuwa langu. Betri ilikuwa ya miaka sita, mzee wa duka hajui kufundisha, na kwa mwendo wa mtu mwingine yeyote tungewahi. Lakini sitaki ugomvi. Nataka kumfurahisha Marlys.

Leo nimeona Joelle anahangaika: chupa ya maziwa ya mtoto imepoa ndani ya gari, kurudi kutoka kliniki. Zipo hita ndogo za chupa. Watu wanazichomeka hovyo tu. Ya mjukuu wangu itakaa ndani ya mlango, imefichwa, inabonyezwa kwa kidole kimoja. Waya sitauonyesha mtu!

Joelle ameshukuru, akasema baba, tafadhali, gari langu usiliguse. Ni uchovu wa uzazi. Sasa mama na mtoto wamelala, Marlys yuko sokoni na Thad, kwa gari la Thad.

Boneti nimeshaifungua.