Meli ya Kuundwa Baadaye

Hapana, meli haikuzama. Ingezamaje, nayo ilikuwa ndani ya boksi? Ngoja nianze vizuri, maana nikianzia mwishoni utasema babu kashaanza kuchanganya mambo.

Kulikuwa na mtu wakimwita Ulimi. Kazi hakuwa nayo, labda uhesabu kuongea. Huyo angeweza kukuuzia viatu vyako mwenyewe ukiwa umevivaa, ukamshukuru na kumsindikiza.

Siku hiyo akapita kwa muuza vitu vya zamani, akaona juu ya rafu boksi lenye vumbi, lina picha ya meli ya milingoti mitatu. Muuzaji akamweleza kwamba ndani kuna vijibao vyembamba, nyuzi na vitambaa vya tanga. Unakaa mezani unaunganisha mwenyewe, mwaka mzima, mpaka meli itokee. Boksi la zamani sana, na nailoni yake haijaguswa. Anayelitamani ni fundi saa mstaafu, mtaa wa nyuma.

"Huyo mzee ana kabati zima la haya," muuzaji akasema, anacheka. "Hajafungua hata moja. Ananunua, anasema ataunda baadaye."

Ulimi akasimama kama mtu aliyeitwa jina. Mtu ananunua kitu, halafu hafungui! Wajanja huota mteja kama huyo maisha yao yote, na yeye kaletewa mchana kweupe.

Pesa hakuwa nayo. Lakini dada yake mshonaji alikuwa safarini, anarudi kesho asubuhi, na cherehani ilikuwa imekaa nyumbani bure. Kwa Ulimi, kitu kilichokaa bure ni kitu kinachomsubiri. Akaiweka rehani kwa muuzaji, akaondoka na boksi. Sasa kumbuka, cherehani hiyo ndiyo iliyomlisha yule dada, na ndiyo iliyomlisha Ulimi pia.

Nyumbani akachana nailoni kwa chini, taratibu, na wembe. Akatoa meli yote akaificha chini ya kitanda, apate kuiuza mara ya pili. Ndani ya boksi akapanga kuni alizopasua ndogondogo, akaibandika nailoni kwa pasi ya moto. Huyoo, mpaka kwa fundi saa.

Fundi akalipokea kwa mikono miwili. Akaliweka sikioni, akalitikisa polepole, macho kafumba, kama alivyozisikiliza saa za watu miaka arobaini.

"Linaongea vizuri," akasema. "Ila pesa sina, mwanangu. Chukua moja kabatini, tubadilishane. Yangu ni ya zamani kuliko hili."

Ulimi akaanza kazi yake. Akaongea habari ya marehemu babu yake aliyemwachia boksi, akafuta chozi, na alipomaliza kuongea lile moja likawa matatu. Mke wa fundi akatokea jikoni, akasema mpe, mpe, yanatujazia nyumba tu, na akayafunga kamba mwenyewe. Mama mkarimu sana, Ulimi akawaza.

Akayabeba mpaka dukani, lakini muuzaji wa vitu vya zamani hapokei kitu bila kukiona ndani. Akachukua kisu. Boksi la kwanza, magazeti. La pili, magazeti na kokoto. La tatu lilikuwa na kandambili moja, ya mguu wa kushoto.

"Hata jozi hakunipa," Ulimi akasema.

Akarudi mbio, hasira imemjaa kifuani. Njiani akili ikamrudia kidogo: akimwambia mzee maboksi yako ya uongo, mzee si atasema basi tufungue na lako? Akazungukia mlango wa nyuma. Akamkuta mama jikoni anapepea moto.

"Mama, mmenidhulumu."

"Punguza sauti," mama akasema. Akamweleza kwamba mkaa ukiwa na unyevu, vijibao vile vinashika moto upesi ajabu. Miaka tisa amekuwa akiyafungua maboksi ya mzee kwa chini, mwenyewe hana habari. "Na lako nimelifungua sasa hivi. Nimekuta kuni zimeshapasuliwa. Nikabaki na kisu mkononi, namtafuta mwenzangu."

Wakatazamana. Hakuna wa kumwitia mwenzake mwizi. Ndipo sauti ikatoka sebuleni: "Mke wangu, miwani yangu iko wapi? Nimeshafuta meza. Leo naanza kuunda."

Mama akaacha kupepea. Miaka tisa yote ilimpanda usoni.

"Meli ya kweli iko wapi?"

Ulimi akasema iko kwake, akamweleza na habari ya cherehani, safari hii bila kutia chumvi hata chembe. Mama akateremsha saa ya ukutani, akampa akakomboe cherehani. Meli aifikishe kabla mama hajapakua chakula.

Alikimbia, mjukuu wangu, kama anakimbizwa. Saa dukani, cherehani begani, nyumbani, meli ndani ya shuka, mlango wa nyuma. Mama akaipanga ndani ya boksi, akatangaza kwamba nyumba hii hakuna kufungua kitu kabla ya kula. Mara muuzaji naye hodi, saa kwapani, imeshasimama.

"Iache hapo, ukae," fundi akamwambia. Akachukua boksi, akaliweka sikioni. "Sasa hii ni meli. Ile ya mchana ilikuwa kuni."

Muuzaji akaiweka saa chini, akakaa.

"Mzee," Ulimi akasema, "na yale matatu?"

"Nilikupa moja, ukaomba matatu. Mgeni unamkatalia?"

Mama alikuwa amesimama na mwiko. "Kumbe ulijua?"

"Tangu mwaka wa kwanza. Jiko linanuka karakana ya seremala, nisijue? Lakini ningekwambia, ingenibidi niunde." Akaitazama mikono yake, ikitetemeka kidogo. "Na sasa vidole havinitii. Wewe kijana una vyepesi, nimeona ulivyobandika ile nailoni, ndiyo maana nikaitisha miwani. Kesho asubuhi uje, tuanze."

"Nitakuja, mzee," Ulimi akasema, anaunyemelea mlango. "Baadaye kidogo."

"Baadaye tunaijua humu ndani," mama akasema, akamwekea sahani mbele. "Kaa ule."

Akakaa. Wote wakakaa.